Mjomba wa Simu: Nimeunguza gauni la mteja, je, nirudi kwenye kitochi?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, mume na watoto wawili. Nakuandikia kwa simu ya mdogo wangu kwa sababu yangu imepasuka kioo, na pembe ya chini upande wa kulia haisikii kidole tena. Hapo ndipo kilipo kitufe cha kufutia. Nikikosea herufi, basi imetoka hivyo. Juzi nilitaka kumwandikia mteja "njoo upime", ikaenda "njoo upike", akaniuliza apike nini na kwa watu wangapi.

Lakini kioo sicho kilichonifanya nikuandikie. Wiki tatu zilizopita nilikuwa napiga pasi gauni la mteja, la satini, la kwendea harusi. Nilikuwa nimebakiza mgongo tu. Simu ikalia. Nikaisimamisha pasi, au nilidhani nimeisimamisha, nikasema nitazame ni nani. Alikuwa mteja kweli, anauliza kama nguo yake iko tayari. Nikamjibu. Baada ya hapo, Mjomba, hata sielewi. Nilijikuta natazama video ya mtu anayeosha mazulia machafu. Halafu nyingine. Halafu nyingine. Harufu ndiyo iliyonizindua. Pasi ilikuwa imelala kifudifudi, na nilipoinyanyua iliacha umbo lake lote mgongoni mwa gauni, mpaka vile vitundu vya mvuke vilihesabika. Nikanunua kitambaa kwa pesa yangu, nikashona upya bila malipo, na mteja alipokuja kuchukua hakunitazama usoni.

Tangu siku hiyo mume wangu ana wimbo mmoja: nunua kitochi. Anasema simu janja imenishinda, na kwamba taa ya mwisho kuzimika chumbani kwetu siku zote ni simu yangu. (Ya kwake huwa inawaka chini ya shuka, lakini hilo hataki lisemwe.) Mdogo wangu naye anacheka. Anasema mtu hatoki kwenye simu ya kupangusa akarudi kwenye simu ya vitufe, watu watadhani biashara imekufa.

Pesa niliyoweka akiba inatosha jambo moja tu kati ya haya: kitochi kipya kizuri, na chenji ikabaki, au simu janja mpya, lakini ya zile za bei ya chini kabisa, au kubadilisha kioo cha hii niliyo nayo.

Nikiwaza kitochi, nakumbuka wateja. Kazi yangu karibu yote inaingia kwa picha. Mtu ananitumia picha ya mshono, mimi namtumia picha ya kitambaa, tunaelewana. Na walimu wa mwanangu mkubwa hutuma kila kitu kwenye kundi la WhatsApp. Nikiwaza simu janja, nasikia harufu ya satini. Zile programu za video nimeshazifuta mara tatu. Mara ya mwisho zilikaa nje siku nne.

Nifanyeje? Na ni kweli kitochi ni kurudi nyuma?

Mshonaji wa Satini

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa gauni. Mimi si mtu wa kushona, ila nimekaa nyuma ya meza ya ufundi simu kwa miaka 19, na nimeunguza vya watu pia, vidogo kuliko gauni lakini ghali zaidi. Kwa hiyo hapa tunazungumza kama mafundi wawili.

Jibu langu ni hili: nunua kitochi, simu janja yako ibaki, na kioo usikibadilishe kwanza. Usikunje uso, najua umesema pesa inatosha jambo moja. Jambo lenyewe ni hilo moja, kitochi. Mengine ni kupanga tu.

Soma tena barua yako taratibu, pale kwenye pasi. Simu ililia, alikuwa mteja, ukamjibu. Mpaka hapo gauni lilikuwa zima. Hata kama pasi ilikuwa imelala vibaya, meseji ya mteja haimalizi dakika moja, ungewahi. Kilichounguza ni kile kilichokuja baada ya kazi kwisha, yale mazulia. Mwaka 2006 mbunifu wa programu aitwaye Aza Raskin alitengeneza ukurasa usio na mwisho: ukifika chini unajiongeza wenyewe, hukuti mahali pa kuinulia kichwa. Baadaye alisema hadharani kuwa anajutia. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na uzi wa bobini ukiisha cherehani hushona hewa, unajua. Ile video ya tatu ya zulia haina cha kukushtua namna hiyo, ndiyo maana kazi ya kukushtua ikaachiwa pua yako. Wala usijiite dhaifu kwa kuzifuta mara tatu na kuzirudisha. Kuna watu wanalipwa mishahara mizuri ili wewe uzirudishe.

Kwa hiyo ndani ya kile kipande kimoja cha kioo umebeba vitu viwili. Kuna duka lako, yaani picha za mishono, vipimo, wateja, walimu wa mtoto. Na kuna mazulia. Mumeo anataka uvitupe vyote viwili ili mazulia yaondoke. Mdogo wako anataka uvibebe vyote viwili ili watu wasiseme. Mimi nataka duka libaki dukani.

Cherehani yako inakulisha, lakini huibebi kwenda nayo chooni. Haikai chini ya mto. Ukitoka chumba cha kushonea, inabaki pale pale ilipo, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba hukuwa na cherehani saa nne ya usiku. Simu janja yako ifanye hivyo hivyo. Iwe kifaa cha chumba cha kushonea. Chaja yake ikae pale, kwenye soketi ile moja, na isihamishwe. Hili la chaja linaonekana dogo, lakini simu huifuata chaja kama kuku anavyofuata punje. Nyumba ambayo chaja iko kando ya kitanda, simu italala kando ya kitanda, hata mkiapa vipi.

Mfukoni ubebe kitochi.

Sasa nikueleze inavyofanyika, maana wengi hukwama hapa, wanadhani ukiitoa laini kwenye simu janja WhatsApp inakufa. Haifi. WhatsApp inaijua namba yako kwa sababu siku ya kwanza ilikutumia meseji yenye tarakimu sita ukaziandika. Baada ya hapo haihitaji laini ile ikae ndani ya simu ile ile. Kwa hiyo laini yako kuu, ile wateja wote wanayoijua, itoe uiweke kwenye kitochi. Kwenye simu janja weka laini nyingine ya pembeni, ya bando tu, ambayo namba yake humpi mtu. WhatsApp itaendelea kutumia namba yako ya zamani. Ikikuuliza kama umebadilisha namba, kataa. Na ikitokea siku imekutoa ikataka uthibitishe upya, zile tarakimu sita zitaingia kwenye kitochi, utazisoma hapo na kuziandika huku. Tarakimu hizo hapewi mtu yeyote, hata ajitambulishe kwa cheo gani, hata akilia.

Kabla ya kuhamisha laini, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua namba ya siri yako mwenyewe ya tarakimu sita. Mtu akiiba kitochi chako chenye laini ndani, bila namba hiyo ataishia mlangoni.

Na laini kuu isikauke. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni za simu huizima na baadaye namba ile hupewa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine anaweza kufungua WhatsApp kwa namba hiyo na kuanza kupokea picha za wateja wako. Kwa kuwa itakuwa kwenye kitochi unachopigia kila siku, hilo halitakupata, nalitaja kwa ajili ya wengine wanaosoma ambao wana laini tatu kwenye droo.

Wakati wa kuhamisha, angalia ukubwa wa laini. Simu janja nyingi hutumia laini ndogo kabisa, ya milimita 12.3 kwa 8.8. Vitochi vingi bado vina kitanda cha laini ya kizamani, milimita 25 kwa 15. Utahitaji kile kifremu cha plastiki cha kuikalisha. Tafadhali, usiitumbukize laini ndogo bila fremu ukasema itakaa tu. Na fremu tupu usiisukumize humo bila laini katikati, maana vile vimeno vya shaba vinavyogusa laini vinanasa kwenye tundu la fremu, na ukivuta vinang'oka. Nimeletewa vitochi vipya kabisa, siku ya kwanza, vimeno vimelala chali. Mwenye simu huwa anaapa kwamba hakuigusa.

Majina ya wateja nayo yana ujanja wake. Ukiyanakili kwenye laini, laini hukata majina marefu. Mtu uliyemwandika "Mama Zawadi Gauni la Kijani" anaweza kutokea upande wa pili kama "Mama Zawadi Ga", na kwa mshonaji mwenye akina Mama Zawadi watatu hiyo ni balaa. Laini nyingi pia zinabeba majina 250 hivi, basi. Kwa hiyo chagua 50 unaowapigia kweli, uwaandike kwenye kitochi kwa mkono, jioni moja. Wengine wabaki kwenye simu janja.

Sasa kitochi chenyewe. Nisikupambie. Mimi niliwahi kukaa na kitochi peke yake, kwa hasira, baada ya kugundua kwamba nilimsikiliza mwanangu akinieleza jambo zima na sikuweza kurudia hata sentensi moja. Siku za kwanza nililala kama mtoto. Chaji ilikaa siku nne, kwa betri ya kama 1,000 mAh, wakati simu janja yenye betri ya 5,000 inaomba chaji kila jioni. Hakuna maajabu hapo, ni vile kioo kikubwa na programu zinazoongea na mtandao muda wote hula umeme, na kitochi hakina vyote hivyo. Siku ya 11 nilikutana na mtu njiani akaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini. Rafiki yangu wa ujana alikuwa amefariki na kuzikwa, na taarifa ilitumwa kwenye kundi tu. Kila mmoja alidhani nimeiona. Ndiyo maana sikwambii uende na kitochi peke yake, hata kama mumeo atanung'unika. Watu wamehamia kwenye makundi, hawakuombi ruhusa na hawatakukumbuka mmoja mmoja.

Kwa wateja, kitochi kitakusaidia zaidi ya unavyodhani. Anayetaka kujua kama nguo iko tayari atapiga au atatuma meseji ya kawaida. Meseji moja inabeba herufi 160, na herufi zote za Kiswahili zinaingia humo bila tatizo. Mtu akichomeka kikatuni kimoja tu cha kucheka, meseji nzima inabadilishiwa mfumo wa herufi na nafasi inashuka hadi 70, zaidi ya hapo inahesabiwa kuwa meseji mbili. Na kwenye kitochi hicho kikatuni mara nyingi utakiona kama kisanduku kitupu. Usihangaike kutafuta maana yake, jua tu kuna mtu anacheka mahali. Menyu za pesa na salio, zile za kupiga nyota na alama ya reli, zinafanya kazi kwenye kitochi sawasawa na kwenye simu nyingine yoyote, bila bando.

Halafu kuna saa ya kuamsha. Nimewauliza wateja wangu kwa nini simu inalala kitandani, na jibu linalotangulia huwa hilo, "ndiyo inayoniamsha". Kitochi kinaamsha vizuri tu. Baadhi ya vile vya zamani viliamsha hata vikiwa vimezimwa.

Na tochi. Utaniambia ukiangusha sindano sakafuni.

Ila kuna jambo moja la kuuliza kabla hujatoa pesa, na muuzaji hatakuambia mwenyewe. Uliza kitochi hicho kinapiga simu kwa mtandao gani: 2G, 3G au 4G. Kampuni za simu hapa na pale duniani zinaizima mitambo ya zamani. AT&T ya Marekani iliizima 2G mwanzoni mwa mwaka 2017, kisha 3G Februari 2022. Telstra ya Australia iliiaga 2G mwishoni mwa 2016. Mitambo ikizimwa, kitochi cha 2G kinabaki na saa, kikokotoo na tochi. Piga simu huduma kwa wateja ya kampuni yako uulize kama wana mpango huo. Kama wanao, tafuta kitochi cha 4G, na hakikisha kinapiga simu za sauti kupitia hiyo 4G yenyewe, maana kipo kinachotumia 4G kwa intaneti tu na sauti inarudi 2G. Ukiwa dukani weka laini yako, piga simu moja, mtu apokee, umsikie. Bonyeza *#06# utazame kama tarakimu 15 zinazotokea zinalingana na zilizo kwenye boksi. Zisipolingana, rudisha kabla hujamsikiliza muuzaji.

Kuhusu ile simu janja mpya ya bei ya chini kabisa, achana nayo. Katika yote matatu uliyonitajia, hilo ndilo ninalolikataa bila kufikiri. Simu ya namna hiyo ina nafasi finyu ambayo mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa, na kilichobaki kitajazwa na picha za kundi la shule kabla ya muhula kwisha. Itaanza kuganda. Utagusa, itafikiri. Masasisho ya usalama, yale yanayoziba matundu ya wezi, huenda isipate kabisa. Google walipotoa Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi kuisasisha kwa miaka saba, Samsung wakafuata na Galaxy S24 mwaka 2024, lakini hizo ni simu za juu, na ahadi ya namna hiyo ni nadra kushuka mpaka rafu ya chini kabisa. Utakuwa umenunua usumbufu wote wa simu janja bila ujanja wake. Mazulia yataonekana vile vile. Yatagandaganda kidogo, utayasubiri.

Tuje kwenye kioo chako. Nimesema usikibadilishe kwanza, na sababu ni kwamba tatizo lako la leo lina dawa isiyo na gharama. Pembe iliyokufa ni ya chini kulia. Kibodi si lazima ikae chini kulia. Kwenye kibodi nyingi, Gboard ya Google ikiwemo, kuna kitu cha kuandikia kwa mkono mmoja: kibodi inajikunja na kusogea upande wa kushoto. Kuna pia kibodi ya kuelea, unaiburuta unaipeleka unapotaka, hata katikati. Isogeze, kitufe cha kufutia kitahamia kwenye kioo kizima, na wateja hawatapikishwa tena. Bandika gundi pana ya kuonekana juu ya ufa ili vumbi la nyuzi lisiingie na kidole kisichanike. Ikiwa sehemu iliyokufa itaongezeka mpaka ushindwe kabisa kugusa, chomeka kipanya cha kompyuta kwa kile kiunganishi kidogo cha OTG. Kishale kitatokea kwenye skrini, na utaweza kutoa picha zako kwa kubofya. Watu hawaamini mpaka waone. Lakini usisubiri siku hiyo, picha za mishono zihamishe wiki hii.

Chenji ya kitochi iweke. Ukishaacha kununua bando la mazulia, kioo kitajilipia chenyewe baada ya miezi michache.

Kundi la shule lifungue mara mbili kwa siku, ukianza kazi na ukifunga. Muombe mzazi mwenzako mmoja unayemwamini akupigie kukiwa na jambo la haraka. Jambo la haraka la shule ni mtoto ameumia au shule imefungwa ghafla; rangi ya soksi si jambo la haraka, japo kundini itajadiliwa kama katiba. Arifa zote za simu janja zima, acha mlio wa WhatsApp peke yake, na wakati wa pasi zima hata huo. Anayekuhitaji sana atapiga kitochi.

Na zile programu za video, sikwambii uzifute mara ya nne. Jaribu kitu kingine. Una chaki ya kushonea. Kwa siku tatu, kila ukiinyanyua simu janja, chora alama pembeni mwa meza ya kukatia: M kama ni mteja, S kama ni shule, Z kama ni zulia. Chora kabla ya kuiweka chini, na usijidanganye. Ukianza na M ukaishia Z, andika zote mbili. Fundi mmoja wa viatu nilimpa kazi kama hiyo, akaniletea simu yake siku ya pili, akaniomba nimuondolee zile programu na nibadilishe namba ya siri ya kuzipakulia nisimwambie. Sikumbuki tena namba hiyo. Naye hajaiuliza.

Wapo ambao nisingewaambia haya. Asiyeona anayesomewa skrini kwa sauti na simu yake, kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama kupitia video, dereva anayeishi kwa ramani, mtu ambaye benki yake haimfungulii akaunti bila programu: hao simu janja ikae mfukoni, na wapambane na mazulia kwa njia nyingine. Wewe sikuoni humo. Kazi yako iko mezani, na meza haitembei.

Mdogo wako mwambie hivi: Nokia 1100, kile cha mwaka 2003 chenye tochi kichwani, kiliuzwa zaidi ya milioni 250, na kimekuwa miongoni mwa vifaa vya kielektroniki vilivyouzwa zaidi duniani. Walionunua hawakuwa wameishiwa. Na mteja wa satini hatazami simu yako, anatazama mshono wa bega. Mumeo yeye usimwambie kitu. Weka chaja ya pili kwenye chumba cha kushonea, kando ya yako, uone kama ataielewa.

Siku ukifikia kubadilisha kioo, toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kumpa fundi. Akikuomba namba ya siri ili ajaribu kioo kipya, kataa kwa heshima. Skrini ikiwa imefungwa, sehemu ya simu ya dharura inafunguka bila namba ya siri na inatoa tarakimu. Azibonyeze pale bila kupiga, kisha aburute kidole kutoka juu hadi chini. Nataka uwe umesimama hapo, utazame kona ya kulia.

Nami nasubiri hesabu ya chaki. Niandikie Z zilikuwa ngapi siku ya kwanza na ngapi siku ya tatu, na safari hii uandike kwa simu yako mwenyewe.

Mjomba wa Simu